Huku Columbus tumevurugwa mwanangu

Columbus, Ohio
15 Desemba 2024

Mambo vipi mwanangu, poleni na joto la Dar. Kwenye ile voisi noti umeuliza timu ya chuo ya huku, Ohio State, ile ya mpira wa Kimarekani, imeishia wapi, maana Novemba nilikuwa najimwambafai kwenye stetasi halafu ghafla kimya. Kimya kina sababu zake bwana.

Msimu huu Ohio State huielewi. Usajili walifanya wa kufuru, mkurugenzi wao wa michezo Ross Bjork mwenyewe alisema kikosi kinalipwa kama dola milioni 20, na hao ni wanafunzi ujue, ila tangu 2021 wanaruhusiwa kula hela kwa jina na sura zao. Kwotabeki, yule mrusha pasi, Will Howard katokea chuo cha Kansas State, mkimbiaji Judkins chuo cha Ole Miss, beki Caleb Downs chuo cha Alabama. Halafu kuna dogo wa mwaka wa kwanza anaitwa Jeremiah Smith, huyo achana naye kabisa, anadaka mpira kwa mkono mmoja na beki kamng'ang'ania mkono wa pili.

Sasa na hayo yote Oktoba wakaenda kwa Oregon wakalala 32-31, na walivyolala ndo kinachouma, walikuwa wanahitaji kusogea kidogo tu wapige mkwaju wa ushindi, Howard akakimbia na mpira akajiangusha chini ili timu iombe mapumziko, kuangalia saa, sifuri! Imeisha hiyo. Wakajikongoja kwa Nebraska 21-17, halafu wakaenda kwa Penn State, jamaa wakapewa nafasi nne wakiwa yadi tatu tu kufika kwenye mstari wetu wa goli wakashindwa kuingia, tukashinda 20-13. Indiana alikuja hajafungwa na mtu akala 38-15. Hapo ndo nikaanza kuwasumbua na stetasi.

Ikafika Michigan, watani wetu wa jadi.

Wiki ya Michigan huku chuoni herufi M zinafungwa utepe mwekundu kwenye vibao, sitanii, unapita jengo jina lake limechorwa X nyekundu kila penye M. Michigan yenyewe mwaka huu ilikuwa hovyo, imeshinda sita imefungwa tano, sisi namba mbili nchi nzima tena nyumbani. Tukafungwa 13-10. Kipindi cha pili chote hatukupata hata pointi moja! Pasi mbili za Howard zikadakwa na wapinzani, mikwaju miwili ikaenda nje, na wao wakapiga wa kwao zikiwa zimebaki sekunde 45. Halafu wakaja kutaka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikalia, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Wewe mtu wa Mnyama utanielewa bila maelezo mengi, tano moja ya Novemba 2023, mbili moja ya Aprili, moja bila Agosti, moja bila Oktoba, nne mfululizo kwa Yanga. Basi na hawa kwa Michigan nne mfululizo, tangu 2021. Jumatatu kazini hakuna aliyesalimia mtu.

Wengi wanataka kocha Ryan Day afukuzwe. Mi sitaki, ila siku ile alinikera, una dogo kama Smith pembeni halafu unapeleka mpira katikati, tena katikati, palepale Michigan walipojaza mijitu yao, unagonga ukuta mpaka jioni. Ile haikuwa uwezo mdogo, ule ulikuwa ubishi tu, wametaka kuonyesha kwamba na wao wana misuli.

Na ndo maana bado nina matumaini, cheka tu. Mwaka huu ubingwa wanagombania timu 12, zamani zilikuwa nne, kwa ule mfumo wa zamani saa hizi tungekuwa tunaongelea mambo mengine. Tumeingia namba nane, tunaanza na Tennessee hapahapa nyumbani, tukipita ni Oregon tena, tarehe mosi Januari kule Pasadena. Na mfumo wa timu nne ulivyoanza msimu wa 2014 unajua nani alibeba? Ohio State hawahawa, na walikuwa wamepigwa nyumbani na Virginia Tech mapema kabisa wakaambiwa hamna timu. Wakimrushia Smith mipira mi naona mpaka fainali Atlanta. Wakirudia kugonga ukuta, Tennessee tu anatutoa.

Kuna mzee wa kazini, mwenyeji wa hapa, yeye kasema ubingwa bila kumfunga Michigan haumo, bora wangemfunga Michigan halafu kombe wakalikosa. Nikamwambia mzee wangu kombe ni kombe. Hataki kusikia.

Mechi ni Jumamosi tarehe 21 saa mbili usiku, kwenu saa kumi alfajiri ya Jumapili. Najua huamki. Ila simu usizime, tukishinda nakupigia hiyohiyo alfajiri, na shemeji umwombee radhi mapema.