Risala ya Darasa la Uandishi wa Kubuni kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Kwa niaba ya wanadarasa wa uandishi wa kubuni, tunakukaribisha Kisumu. Tunajua wewe ni mhariri na umeacha miswada ya watu mezani ili uje utusikilize. Ahsante sana.

Mheshimiwa, muhula huu tuliandika fasihi pendwa: upelelezi, mapenzi, hadithi za kutisha na bunilizi za kisayansi. Kila mmoja wetu alichagua karatasi iliyokunjwa kutoka kikapuni, na ndani mlikuwa na motifu iliyozoeleka, yaani wazo la kisa linalojirudia katika hadithi nyingi. Mapacha waliotenganishwa. Maskini anayependwa na binti wa tajiri. Chumba kilichofungwa ambamo kitu kimetoweka. Sharti lilikuwa moja: kisa kitokee mahali ambapo mwandishi amewahi kufika.

Rasimu za kwanza zilijaa theluji na makasri. Mwalimu alizirudisha zote, akatuambia twende soko la Kibuye hapa mjini siku ya soko, tutazame na tusikilize.

Aliyepata chumba kilichofungwa alikwenda Dunga, ufuoni mwa ziwa. Katika hadithi yake, magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, yanapimwa na kufungiwa stoo. Siku tatu baadaye yanapimwa tena, kilo zimepungua, na kufuli haijaguswa. Kijiji kizima kinamshuku mlinzi. Kumbe hakuna aliyeingia: omena ziliuzwa zikiwa hazijakauka vizuri, na kilichopotea ni maji. Mwizi ni yule aliyeshika mizani siku ya kwanza. Tulirudi nyuma tukakuta kwamba katika ukurasa wa pili mlinzi alikwisha kulalamika kuwa stoo inanuka uvundo. Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu, tukaipita. Darasa lilipiga makofi, na mpaka leo hiyo ndiyo hadithi tunayoipenda kuliko zote.

Tunakueleza haya kwa sababu tuliwahi kupeleka hadithi zetu kwenye shindano, zikarudi na maneno mawili: "Yameshaandikwa haya." Yalituuma. Ni kweli yameshaandikwa. Lwanda Magere, shujaa wa Waluo wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, alishindwa baada ya mke aliyetoka kwa maadui kugundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Fumo Liyongo wa pwani aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Shujaa asiyeuawa, siri moja, mtu wa nyumbani. Motifu ni ileile, lakini hakuna mzee wa Kano wala wa Lamu aliyewahi kuambiwa anyamaze kwa kuwa mwenzake alikwisha kusimulia.

Hata Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar, alimchukua mpelelezi mwenye kiko aliyezoeleka Uingereza, akamkalisha Unguja, akamwita Bwana Msa. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilichapishwa mwaka 1960, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata njia. Msomaji anayefungua kitabu cha namna hiyo anajua siri itafichuka. Anachotaka kuona ni vipi, na ni nani atakayeumia. Hapo ndipo sisi tunapotoa jasho.

Mheshimiwa, changamoto tunazo. Maktaba yetu ina vitabu vya kutahiniwa vingi, lakini riwaya pendwa za Kiswahili ni chache mno, na nakala moja huzungushwa darasa zima hadi kurasa zinachomoka. Kompyuta tunayochapia ni moja.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kupata riwaya hizo, hata zikiwa kuukuu. Pili, upokee mswada wetu wenye hadithi kumi na moja, uusome kwa kalamu nyekundu kama unavyosoma ya watu wazima, na utuandikie panapolegea. Hatuombi uuchapishe. Hadithi ya omena iko mwanzoni kabisa, na aliyeiandika ndiye atakayekukabidhi sasa hivi.

Ni sisi wanadarasa wa uandishi wa kubuni.