Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa Tukuyu, kabla ya dripu ya kwanza ya rituksimabu

Shangazi, shikamoo.

Nimeyasoma majibu uliyopewa Mbeya. Chembe sahani zako, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka tena hadi 12,000 kwa kila mikrolita ya damu, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000, na zimeshuka daktari alipoanza kukupunguzia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Vidoa vyekundu miguuni na damu ya fizi unapopiga mswaki vinatokana na hilo, wala si mkono wa mtu: kingamwili zako mwenyewe, yaani protini za kupambana na maradhi, zinazishambulia chembe hizo, na bandama inaziharibu.

Rituksimabu uliyotajiwa nayo ni kingamwili, ila imetengenezwa maabara, na Marekani iliidhinishwa mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya limfoma. Inaziangamiza seli B, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo hukomaa na kuwa seli za kutoa kingamwili. Lakini zile zilizokwisha kukomaa haizigusi, na kwa sababu hiyo wengine hawapati nafuu, na wanaoipata huweza kusubiri hata wiki nane. Kwa hiyo usiache prednisoloni ghafla eti kwa kuwa umeanza dripu. Wagonjwa wapatao sita kati ya kumi huitikia mwanzoni, ingawa baada ya miaka mitano wanaobaki salama bila tiba nyingine ni kama mmoja kati ya watano. Naona bado inafaa kujaribiwa kabla ya kufikiria kuondolewa bandama.

Ninalokusihi zaidi ni kipimo cha homa ya ini B. Dawa hii inaweza kuviamsha virusi vilivyolala kwenye ini kwa miaka mingi, na watu wamekufa kwa hilo. Hivyo dripu isiwekwe kabla hujapimwa virusi vyenyewe pamoja na alama za maambukizi ya zamani kwenye damu. Ukikutwa navyo, utapewa kwanza dawa ya kuvizuia.

Kwa kawaida dozi ni nne, moja kila wiki. Ile ya kwanza ndiyo huleta homa, kutetemeka na kuwashwa, kwa hiyo huanzishwa polepole baada ya parasetamoli na dawa ya mzio. Ukihisi kifua kinabana, mwite muuguzi papo hapo.

Magoti yakiuma baada ya kuchuma chai, usimeze diklofenaki wala aspirini, maana huzidisha hatari ya kutokwa damu. Na kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, au choo kikiwa cheusi, nipigie hata usiku wa manane, nikutafutie gari la kukufikisha hospitali.