Moshi wa takataka unanenepesha ukungu barabarani

Mhariri,

Kila ajali ikitokea alfajiri kwenye ukungu, madereva wenzangu husema hewa ilijaa maji. Mimi nasafirisha viazi kutoka Kisoro hadi Kampala, na kabla ya kununua lori nilifundisha fizikia. Maji peke yake hayaelezi jambo hili.

Pale Kanaba, milimani karibu na Kisoro, ukungu hulowesha kweli. Nikishuka kukagua magurudumu, matone hunikaa kwenye nyusi, na waipa hazipumziki. Hata hivyo kona inayofuata huwa naiona. Nikifika Busega, pembezoni mwa Kampala kando ya kinamasi cha Lubigi, kioo hupata unyevu kidogo tu, lakini mbele ni ukuta mweupe unaonuka plastiki iliyoungua. Mwezi uliopita nusura niigonge matatu iliyosimama na taa za nyuma zikiwaka. Kilichoniokoa ni kondakta aliyekuwa akipiga bati kwa kiganja; nilimsikia kabla sijaona taa.

Mvuke hauwi tone bila kupata chembe ya kushikamana nayo: vumbi, chumvi au moshi. Hewa ikiwa safi, chembe ni chache na kila tone hunenepa. Moshi ukijaa, maji yale yale hugawanywa kwa matone mengi madogo. Mfano: gramu 0.1 ya maji katika mita moja ya ujazo, yaani kama matone mawili tu ya dawa ya macho. Yakiwa matone yenye upana wa maikromita 20 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), utaona hadi mita 260 hivi. Upana ukipungua nusu, idadi ya matone inakuwa mara nane, eneo linalotawanya mwanga linakuwa maradufu, na unabaki na mita 130. Maji hayajaongezeka hata kidogo! Tena matone hayo madogo hushuka kwa robo ya mwendo wa yale makubwa, kwa hiyo ukungu wenyewe hukawia kuondoka.

London waliyaona haya tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe ulipochanganyika na ukungu. Makondakta walitembea mbele ya mabasi wakishika taa, na maelfu ya watu walikufa kwa hewa ile. Mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi.

Nawaomba wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, wa vijiji vilivyo kando ya vinamasi na mabonde wazuie uchomaji wa takataka kuanzia jioni, maana moshi wa saa mbili usiku hulala bondeni pamoja na hewa baridi na kutungoja alfajiri. Wanaochoma matofali nao wasiweke tanuri karibu na barabara kuu. Nanyi madereva wenzangu, mkisikia harufu ya moshi ndani ya ukungu, punguzeni mwendo papo hapo na mtumie taa fupi, hata kama kioo ni kikavu.

Dereva wa lori,
Kisoro