Kiambishi -na- kinawaponza wanaoanza Kiingereza

Mhariri,

Wanaoanza Kiingereza huambiwa kwamba wakati uliopo unaoendelea ni -na- tu. Kosa huanzia hapo. "Ninaandika" yaweza kuwa "I am writing", kalamu ikiwa mkononi sasa hivi, au "I write", ikiwa ndiyo kazi ya kila siku. Mwanafunzi ajiulize kwanza: jambo linatendeka sasa, au ni mazoea?

Umbo lenyewe si gumu: am, is au are kulingana na nafsi, kisha kitenzi chenye -ing. Wengi hudondosha kisaidizi wakasema "She cooking", kwa kuwa kwetu "anapika" ni neno moja. Tahajia nayo ina mitego yake: write hupoteza e, run huongeza n, lie hugeuka lying.

Linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni -me-. Sisi husema amelala, amesimama, amevaa koti. Kiingereza husema "He is sleeping", "He is standing", "He is wearing a coat". Anayetafsiri neno kwa neno huandika "He has slept", na msomaji akadhani mtu ameshaamka. Kinyume chake, ninajua na ninataka vina -na-, lakini "I am knowing" ni kosa. Ni "I know".

Walimu, fungueni mlango polepole na kuuliza "What am I doing?" kabla haujafunguka wote. Ukishafunguka, swali limepitwa na wakati.

Mwalimu wa lugha