Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dodoma, 2025

Ndugu wajumbe, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristu, Asalaam aleikum.

Shughuli za kawaida nazipitia haraka, kwa kuwa mlikuwepo, au mlipaswa kuwepo. Vikao vya usomaji vilifanyika, wagonjwa tuliwatembelea, semina ya Ipagala ilifana. Kabati la vitabu limepatikana; nililifuatilia mwenyewe.

Sasa nije kwenye mdahalo wa Juni kuhusu nafasi ya theolojia katika maisha ya umma, maana maneno yamekuwa mengi. Jioni ya kuamkia mdahalo, kirikuu ilishusha viti vya plastiki 100, kila kimoja kimebandikwa picha ya mtia nia mmoja kwenye egemeo. Sharti lake lilikuwa dakika kumi za salamu. Nilivirudisha usiku uleule. Yeye nilimkaribisha aje akae na wenzake aulizwe maswali, hakuja.

Wapo wanaosema mwenyekiti anaogopa siasa. Si kweli. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, lakini haitufungi midomo. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) walisaini na Serikali makubaliano ya huduma za afya na elimu. Walikaa mezani kama wabia, si wapambe. Mwalimu Nyerere naye, alipozungumza na masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970, alilitaka Kanisa lisimame na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza. Sasa mjumbe atamuuliza vipi mtu habari za fidia ya viwanja huku amekalia picha yake? Uamuzi ule ningeurudia hata kesho.

Kuhusu fedha: wanachama tuko 86, waliolipa ada ya 24,000 ni 22, yaani shilingi 528,000. Matumizi ni 611,000, deni 83,000, na humo viti vya kukodi ni 60,000. Wanaopigia kelele hiyo 60,000 wengi wao risiti hawana. Mdahaloni tulikuwa 31. Wengine tuliambiwa wako kwenye zabibu, ingawa Juni si msimu wake.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ofisi, na pengine mradi mdogo wa kutuingizia kipato. Mtunza hazina yupo pale mlangoni na kitabu cha risiti hadi saa nane mchana.