Risala ya wanakikundi tuliotoka gerezani kwa Mgeni Rasmi, Makorora, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, masheikh na wachungaji, maofisa wa Magereza mlioitikia mwaliko, wenye sare na mliokuja kiraia, wazazi, wake zetu, waume zetu na majirani. Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu sana Makorora katika sherehe yetu ya kutimiza miaka mitatu. Kikundi kina watu 23, wanaume 19 na wanawake 4, na kila mmoja wetu amewahi kuvaa zile nguo za rangi ya chungwa. Wapo miongoni mwetu walioonewa. Wapo ambao hatukuonewa, nikiwemo mimi katibu ninayesoma risala hii. Nilikuwa mweka hazina wa chama cha akiba, nikala pesa za watu. Hakimu akanipa miaka mitano. Kwa punguzo la theluthi linalotolewa na Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 kwa mfungwa mwenye mwenendo mzuri, nilikaa miaka mitatu na miezi minne. Nalisema mapema ili mwenye kutafuta la kunong'ona asipate tabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wenzangu walitaka risala ianze na historia ya kikundi, kama zianzavyo risala zote. Nimewaomba ianze na mgongo wa mzee mmoja.

Sisi watu wa Tanga tunajisifu kwa "waja leo, waondoka leo". Mimi nilikuja leo na kuondoka hakukuwepo. Chumba kilijaa, tukawa tunalala mchongoma: kila mtu ubavu, kifua cha huyu kwenye mgongo wa yule, na kugeuka ni kwa amri. Makofi yakipigwa, mnageuka wote. Mbele yangu alilala mzee mmoja, mvuvi wa Pangani. Usiku wa nne au wa tano, kabla ya alfajiri, nikausikia mgongo wake unatetemeka kidogo kifuani mwangu. Nikadhani analia, nikajifanya nimelala, maana kule mtu akilia mwachie, ndiyo faragha pekee aliyobaki nayo. Usiku uliofuata, vilevile. Usiku wa tatu nikamnong'oneza: mzee, unaumwa? Akasema, "Nasali."

Nikamwuliza, kusali gani huko mtu kalala? Akanijibu taratibu kama mwalimu wa chuoni: Mtume ametufundisha tusali kwa kusimama, asiyeweza akae, asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. "Na ubavu ninao," akasema.

Mimi chuoni nilitoroka nikiwa na miaka tisa, nikaenda zangu kuogelea Raskazone, sikurudi. Gazeti nalisoma mpaka matangazo ya vifo, lakini hata Yasin sikuijua. Mzee yeye alihifadhi Sura Yusuf yote, aya 111, ila barua ya Kiswahili ukimpa anaishika juu chini. Tukafanya biashara. Mimi nikawa mwandishi wake wa barua za nyumbani na za rufaa, yeye akanisomesha aya kwa aya, mchana tukipalilia, jioni tukisubiri hesabu.

Sitakudanganya, Mheshimiwa, kwamba nilishukiwa na nuru. Kilichotokea ni kidogokidogo mno. Kwanza niliacha kuhesabu siku ukutani. Kisha nikaacha kumlaani shahidi wa tatu wa upande wa mashtaka ambaye, jamani, alisema kweli tupu. Halafu asubuhi moja nikagundua kwamba nimeamka na jambo la kwanza lililonijia si dhiki yangu, bali ni kujiuliza iwapo barua ya kijana mmoja wa chumba cha pili imejibiwa. Tangu nizaliwe sikuwahi kuamka hivyo.

Tulipofika aya ya 42, mzee alinisimamisha hapo wiki nzima. Nabii Yusuf anamwambia mfungwa mwenzake anayekaribia kutoka: unitaje kwa bwana wako. Mwenzake akatoka, akasahau, na Yusuf akabaki ndani miaka mingine. Ndugu zetu Wakristo wanalo lilelile katika Mwanzo, na wao wanataja miaka miwili kamili. Mimi nikamshambulia yule msahaulifu kwa maneno makali. Mzee akacheka. Akasema, "Usimtukane. Hakuwa mbaya. Alikuwa ametoka tu. Utamjua ukitoka."

Nikatoka. Suruali niliyoingia nayo ilikuwa ya mtu mnene, nikaifunga kwa kamba. Mzee alinipa ujumbe mmoja: nenda Bweni, ng'ambo ya mto, umwambie binti yangu nipo hai na nipo wapi, kwani barua hazifiki. Kutoka hapa mjini mpaka Pangani ni kama kilomita 50, kisha unavuka kwa kivuko. Mimi ilinichukua miezi kumi na minne.

Nauli haikuwepo, ndiyo, lakini ya sigara ilipatikana. Ukweli ni aibu. Nilitaka watu wasahau nilikotoka, na kupeleka ujumbe wa mfungwa ni kujitangaza. Na miezi yote kumi na minne sikukosa swala hata moja, Mheshimiwa. Msikitini nilikuwa safu ya kwanza. Watu husema dini ya jela huvuliwa getini pamoja na zile nguo. Yangu sikuivua, nilitoka nayo nimeipiga pasi, lakini ilikuwa haijanifikisha Bweni.

Siku niliyokwenda nilimkuta binti yake anaanika dagaa. Nikajieleza kwa kirefu. Hakulia wala hakunishukuru. Aliendelea kutandaza dagaa mpaka kichanja kikajaa, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mbona umechelewa?"

Kikundi hiki kimezaliwa na swali hilo. Nilirudi Tanga nikawatafuta wenzangu watatu tuliotoka pamoja, nikawasimulia, na kumbe kila mmoja alikuwa na Bweni yake. Mmoja alikuwa na ujumbe wa Handeni, mwingine wa Lushoto, na wa tatu alikuwa amepewa salamu za mtaa wa pili tu, hapa hapa Makorora, akashindwa.

Kazi zetu ni hizi. Kila baada ya miezi mitatu, kwa kibali cha Mkuu wa Gereza, tunapeleka sabuni, dawa za meno na taulo za kike. Tunatafuta familia zilizopoteana na watu wao. Anayetoka tunampokea getini kabla kijiwe chake cha zamani hakijampokea. Na ili mkono uende kinywani tunasokota kamba na kufuma mazulia ya mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa pwani hii mwaka 1893 kutoka Florida. Yasemwa miche ilikuwa elfu moja na iliyofika hai ni 62. Mwenyekiti wetu hupenda kuwaambia wateja kwamba sisi ndio wale 62. Mimi naona anatia chumvi, ila zulia linauzika.

Tunacho pia kisanduku cha hisa, kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu. Mwaka jana walinichagua nishike ufunguo mmoja. Nilikataa mara mbili, wakanishinda kwa kura. Usiku wa kwanza niliuweka chini ya mto, sikupata usingizi, nikauhamishia kwenye mkebe wa chumvi, nikaamka saa nane kuutazama. Mke wangu akasema kama ni hivyo bora walale wao na sanduku lao. Sasa nimezoea kidogo.

Mwenzetu mlokole ananikumbusha nimtaje Paulo na Sila, waliokuwa wakiimba gerezani usiku wa manane, milango ikafunguka, nao wasikimbie. Nimemtaja. Mlango kufunguka na mtu kubaki amekaa, hilo mimi na yeye tunalijadili mpaka leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shida zetu si ngeni kwako. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Tunaiunga mkono. Lakini wengi wetu ni wanaume ambao ujana umetupita, na viungo, alhamdulillahi, tunavyo vyote. Hatuna fungu letu. Tukienda kukopa kwingine tunaulizwa mdhamini, na mdhamini akisikia tulikuwa wapi anakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Kazi ya ulinzi hatupewi, na hilo tunalielewa. Kazi ya kubeba zege nayo kuna tajiri mmoja alitufukuza siku ya pili baada ya kuambiwa, ujira wa siku ya kwanza hatukuuona mpaka leo.

Tunaomba mashine moja ya kusokota kamba. Tunaomba chumba, hata stoo, kwa sababu mkonge ukinyeshewa unaoza na sasa tunaulaza varandani kwa Mama Mwenyekiti. Na tunaomba mfuko mdogo wa nauli kwa familia za mbali zisizomudu kuja kuona watu wao. Hili la tatu ukitupa peke yake, mengine mawili tutasubiri.

Binti wa mzee yupo hapa, safu ya tatu, mwenye kanga ya kijani. Dagaa utakaoonja kwenye chai ni wake. Siku hizi huenda kumwona baba yake kila anapopata nafasi. Mzee bado yuko ndani, kosa lake si langu kulitangaza. Juzi alimtuma binti aniulize, tangu nitoke, nimefika sura ya ngapi.

Naomba kuwasilisha.