Deni la kodi si ruhusa ya kubeba vitu vya mpangaji

Mhariri,

Kila ipitapo tarehe kumi ya mwezi, ploti za Kaptembwo, Rhonda na Free Area hapa Nakuru hubadilishwa kufuli. Mpangaji akirudi jioni hukuta runinga na mtungi wa gesi vimebebwa, na msimamizi wa ploti humjibu, "Lipa kwanza." Wengi hunyamaza wakidhani mwenye nyumba ana haki hiyo. Hana.

Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, humtaka atumie dalali mwenye leseni. Dalali huorodhesha vitu na thamani ya kila kimoja, humpa mpangaji notisi alipe, na muda wake ukiisha ndipo avihamishe. Kwa nyumba ya kuishi ambayo kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi, hata dalali hagusi kijiko bila idhini ya jopo la kudhibiti kodi za nyumba. Vijana wawili na mkokoteni si madalali.

Kesi nyingi huharibika saa ile ya kwanza. Mpangaji kwa hasira huvunja kufuli, na kesho yake yeye ndiye mshtakiwa wa uharibifu wa mali. Piga picha mlango na chumba kabla ya kugusa chochote. Jirani aliyeshuhudia aandike siku, saa na alichokiona. Polisi wakisema, "Hayo ni ya nyumba, kaelewaneni," sema unaripoti vitu vilivyochukuliwa, si deni, na usiondoke bila nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Usitaje "vitu vyote". Taja kimoja kimoja, bei yake, na ile nambari iliyobandikwa nyuma ya runinga.

Ujumbe wa M-Pesa ndio risiti ya wengi wetu. Ukiufuta, omba taarifa ya akaunti kupitia *334#.

Mwandikie mwenye nyumba barua ya madai, ubaki na nakala. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya kurudishiwa mali, na sheria huipa siku 60 kuamua. Si lazima uwe na wakili. Lakini kodi unayodaiwa bado ni deni, naye anaweza kukushtaki kwalo.

Wenye maduka na hoteli wasio na mkataba wa maandishi wasipeleke mzozo wao huko. Wao huenda katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, chini ya Sura ya 301.

Msomaji,
Kaptembwo, Nakuru